Mioyo Isiyo na Majina

Lugha yetu imeutwika moyo mizigo mingi. Mtu akiwa mkarimu tunasema ana moyo mweupe, akikata tamaa tunasema amevunjika moyo, na akitaka kutunza jambo asilisahau huliweka moyoni. Lakini ule moyo wenyewe, pande la nyama lenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, linalopiga mara 100,000 hivi kwa siku bila kupumzika, hatuuzungumzii sana mpaka siku utakapogoma. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia kwa muda mrefu, wala si tabibu. Nilipostaafu nikapata wasaa wa kusoma yale niliyotaka kuyasoma kwa sababu zangu, na sababu hizo nitazieleza mbele. Ninayoyaandika hapa ni historia, nayo isomwe kama historia.

Kwanza ni lazima tuelewane juu ya kiungo chenyewe. Wengi hudhani kwamba kwa vile moyo hujaa damu mchana na usiku, basi haupungukiwi na chakula. Sivyo. Damu inayopita ndani ya vyumba vyake ni ya kupeleka kwingine. Moyo ni kama mwuza maji anayesukuma mkokoteni wa madumu ishirini huku koo limemkauka. Chakula chake mwenyewe huupata kwa mishipa miwili midogo inayochipuka kwenye mshipa mkuu pale unapotoka moyoni, kisha ikatambaa juu ya moyo na kugawanyika kama mizizi. Unene wake haupiti sana ule wa mrija wa kunywea soda. Mafuta na chokaa vikijikusanya katika kuta za mishipa hiyo, njia husonga. Na ikitokea utando wa ndani ukapasuka, damu huganda mahali pale, mlango hufungwa, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa katika muda wa dakika, wala si siku. Hayo kwa leo ni maarifa ya kawaida. Lakini kuyafikia kulichukua zaidi ya miaka mia mbili, na kwa sehemu kubwa yalipatikana katika miili ya watu waliokwisha kufa.

Mwaka 1768 tabibu mmoja wa London, William Heberden, alisimama mbele ya matabibu wenzake akawaeleza juu ya maumivu ya ajabu ya kifua. Humshika mtu anapotembea, hasa akipanda mlima, na hasa akiwa ametoka kula. Humbana kana kwamba uhai utamtoka pale pale. Lakini akisimama tu, maumivu hutoweka kana kwamba hayakuwapo. Heberden akayapa jina la Kilatini, angina pectoris, yaani kunyongwa kwa kifua. Maelezo yake yalipigwa chapa mwaka 1772. Chanzo cha maumivu hayo hakukijua, wala hakujifanya kukijua.

Mwaka ule ule akapokea barua. Aliyeandika hakutaja jina lake. Alisema amesoma habari za maelezo yale na kuona kwamba ni yeye mwenyewe anayeelezwa. Akaeleza jinsi anavyojisikia, kisha akatoa ombi: kama atakufa ghafula, Heberden aruhusiwe kuupasua mwili wake, ili huenda wengine wakapata faida. Hazikupita wiki tatu, mtu yule akafa. Kazi ya kumpasua alipewa John Hunter, mpasuaji mashuhuri kuliko wote wa wakati ule, na pembeni yake alikuwapo kijana mwanafunzi wake, Edward Jenner, ambaye baadaye alikuja kuwa maarufu kwa chanjo ya ndui. Wakatazama huku na huku. Hawakuona kitu. Mishipa ile miwili midogo hawakuifungua.

Kila nikiisoma habari hii huwa nasimama hapo. Mtu ametoa mwili wake wote, bila kuombwa na bila kutaka sifa, na jibu lilikuwa pale mezani, mbele ya macho ya watu wawili walio hodari kuliko wengine wote katika fani yao. Lakini jicho halioni isipokuwa kile ambacho akili imekwisha kukitilia shaka.

Jenner aliendelea kukitafuta. Miaka ilipopita, alikuwa akiupasua moyo wa mgonjwa mwingine aliyekuwa na maumivu yale yale, kisu chake kikagonga kitu kigumu chenye changarawe. Akainua macho kutazama dari, maana nyumba ilikuwa kuukuu, akidhani labda kipande cha lipu kimeanguka. Kumbe ilikuwa ni mshipa wa moyo, umegeuka kama mfupa. Sasa akajua, au walau akashuku kwa nguvu. Lakini hakulitangaza. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: mwalimu wake Hunter alikuwa ameanza kushikwa na maumivu yale yale, na Jenner hakutaka kumwambia mwalimu wake kwamba amekwisha kuhukumiwa. Hunter alifahamu walau kwamba hasira ndiyo adui yake. Tarehe 16 Oktoba 1793 alikwenda kwenye mkutano wa hospitali yake ya St George's, akabishiwa maneno, akatoka chumbani akiwa amejizuia, akaanguka na kufa. Walipompasua wakaikuta mishipa ya moyo wake imekauka vile vile alivyohofia Jenner. Maelezo ya Jenner yalichapishwa mwaka 1799 katika kitabu cha rafiki yake, Caleb Parry.

Karne nzima iliyofuata naweza kuiruka bila kumdhulumu msomaji sana. Ugonjwa ulihesabiwa kuwa wa mabwana wanene wa mijini, tena wachache, na iliaminika kwamba mshipa ukiziba kabisa mtu hana dakika nyingine ya kuishi. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alionyesha kwamba si kweli: wapo wanaozibwa mshipa wakaishi siku kadhaa, au miaka. Maana yake ni kwamba kuna mtu wa kutibiwa. Hata hivyo tiba yenyewe ilikuwa kulala. Mgonjwa alilazwa chali majuma mengi, akalishwa kwa kijiko, akakatazwa hata kujigeuza, na wengi wakafa kwa damu iliyoganda miguuni kwa sababu ya kulala huko. Ilikuwa mwaka 1952 ndipo Samuel Levine na kijana wake Bernard Lown wa Boston walipothubutu kuandika kwamba mgonjwa akalishwe kitini. Kiti! Baada ya miaka arobaini ya kumfunga mtu kitandani, maendeleo makubwa yalikuwa kiti.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuacha kuwa wa mabwana wachache. Marekani na Uingereza wanaume walikuwa wakianguka katika umri wa kazi, na hakuna aliyeweza kusema kwa yakini ni kwa nini. Ndipo ikaja fikra mpya: badala ya kungoja watu wafe na kuwapasua, tuwachukue wakiwa wazima tuwafuate. Mwaka 1948 katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, watu 5,209, wanaume kwa wanawake, walikubali kupimwa na kuhojiwa kila baada ya miaka miwili. Baadaye wakaingia watoto wao, na baadaye wajukuu. Kufikia 1961 watafiti wa Framingham waliweza kutaja mambo yanayomtangulia mgonjwa: shinikizo la damu, kolesteroli nyingi, na dalili za moyo kupanuka. Sigara nayo ikaingia katika orodha muda si mrefu. Lakini watu wa Framingham walikuwa karibu wote Wazungu.

London nako Jerry Morris alikuwa akiyatazama mabasi. Basi la ghorofa mbili lilikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa kutwa nzima, na kondakta aliyekwea na kuteremka ngazi akikata tikiti, ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Wafanyakazi wa usafiri 31,000 hivi walihesabiwa, na matokeo yakatolewa mwaka 1953: makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, ugonjwa wao haukuwa mkali kama ule wa madereva. Morris hakuridhika upesi. Alikwenda akatazama vipimo vya sare walizopewa, akakuta viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana zaidi tangu siku za mwanzo za kazi, maana yake ni kwamba watu hawa hawakuwa sawa tangu mwanzo. Nampenda mtafiti wa namna hii, anayekwenda kwa fundi cherehani kuipinga hoja yake mwenyewe. Aliishi mpaka 2009, akakaribia miaka mia.

Sasa twende nyumbani.

Katika miaka ile ile ya 1950, kilima cha Mulago pale Kampala kilikuwa na hospitali kubwa na chuo cha udaktari cha Makerere. Mkuu wa uchunguzi wa maiti alikuwa J. N. P. Davies, na miongoni mwa matabibu alikuwapo Hugh Trowell, aliyekuwa ameifanyia kazi Afrika Mashariki tangu 1929. Watu hawa walishangazwa na jambo moja. Walipasua maiti nyingi mno, nao mioyo iliyougua waliiona: Davies ndiye aliyeeleza mwaka 1948 ugonjwa mmoja wa ajabu unaofanya utando wa ndani ya moyo kuwa mgumu kama ngozi, ugonjwa wa watu maskini wa nchi za joto. Lakini ule ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza Wamarekani, wa mishipa kuziba, hawakuuona. Mwaka 1956 Trowell pamoja na mwenzake Singh waliandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja tu aliyeugua. Mmoja, naye akaonekana anastahili makala nzima! Alikuwa mtu wa cheo, ambaye kwa miaka mingi chakula chake kilikuwa kimekaribia kile cha Wazungu.

Kisha ikaja hesabu ambayo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Davies na wenzake wa Marekani walichukua taarifa za maiti 632 zilizopasuliwa Uganda, wakazilinganisha kwa umri na jinsia na maiti 632 za mji wa St. Louis. Matokeo yalitolewa mwaka 1960. Katika zile za St. Louis, mioyo 136 ilikuwa na kovu au jeraha la kuzibwa mshipa. Katika zile za Uganda, mmoja.

Nimeitazama namba ile mara nyingi. Mmoja katika 632. Yule mtu wa 1772 aliandika barua na kuutoa mwili wake kwa hiari, na ingawa jina lake halikutajwa, nia yake inajulikana. Hawa 632 ni akina nani? Walikuwa wakulima wa ndizi, vibarua waliotoka Rwanda na Burundi kuja kuchuma pamba na kahawa ya Buganda, wapagazi, akina mama. Katika maandishi ya namna hii marehemu huwa ni namba, na hakuna mahali panapouliza kama ndugu waliongoja nje ya chumba cha maiti, au kama waliambiwa. Sisemi kwamba kazi ile ilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba dunia ilijifunza jambo kubwa mno kutoka kwao. Ilijifunza kwamba kuziba kwa mishipa ya moyo si sehemu ya uzee, kama mvi. Watu wanaweza kuzeeka bila huo. Kabla ya Mulago, Mmarekani aliyeona kila mzee ana mishipa iliyosakama angeweza kusema hivyo ndivyo Mungu alivyomwumba mtu.

Tena jambo hilo halikuwa la rangi ya ngozi, na ushahidi ulikuwa mtaa wa pili. Gerald Shaper, tabibu kutoka Afrika Kusini aliyefundisha Makerere, pamoja na Jones, waliandika mwaka 1959 kwamba wakati Waafrika wa Uganda karibu hawakuujua ugonjwa huu, kwa Wahindi wa nchi ile ile ulikuwa tatizo kubwa. Hewa ni ile ile, jua ni lile lile, malaria ni ile ile. Kilichotofautiana ni kilichokuwa kwenye sahani na kwenye damu: kolesteroli ya Mwafrika ilikuwa chini sana, ya Mhindi ilikuwa juu. Shaper baadaye alikwenda kaskazini mwa Kenya kwa Wasamburu. Hapo hoja ya chakula ikaanza kuyumba, kwa kuwa Wasamburu hunywa maziwa kwa wingi, lakini kolesteroli yao ilikuwa ya chini na shinikizo lao la damu halikupanda kwa umri.

Wamaasai wakaifanya hoja izidi kuwa ngumu. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja Tanganyika akawapima wanaume 400 wa Kimaasai, na mwaka 1964 akaeleza kwamba watu hawa wanaoishi kwa maziwa na nyama hawana dalili za ugonjwa. Nchi za ng'ambo wakafurahi: wengine wakasema basi nyama haina neno. Lakini Mann aliendelea, na mwaka 1972 akatoa matokeo ya kuichunguza mioyo na mishipa mikuu ya Wamaasai 50 waliokufa. Mafuta yalikuwapo kwenye kuta za mishipa yao, kwa kiasi kilichofanana na cha wazee wa Marekani. Tofauti ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyoendelea, hata uchafu ukawapo na njia ikabaki wazi. Mann alidhani ni kwa sababu ya kutembea. Anayechunga ng'ombe kutoka alfajiri mpaka jioni, maisha yake yote, hujijengea mto mpana. Hayo yalikuwa makisio, na alisema hivyo. Naona ni haki kuongeza kwamba watu wanaowataja Wamaasai siku hizi wanapotetea nyama choma na bia, husahau kuzitaja zile kilometa.

Hapa ndipo niieleze ile sababu yangu. Kaka yangu mkubwa aliondoka kijijini mwaka 1964 kwenda Dar es Salaam, akawa karani wa shirika la umma, akapanda cheo. Alikaa ofisini, alivuta sigara pakiti moja kwa siku, aliongezeka unene, nasi nyumbani tuliuona ule unene kuwa ni neema. Mwaka 1992 nilipokwenda kumtembelea, tulikuwa tukipanda ngazi za ofisi yake akasimama katikati, akashika ukingo, akasema, "Mdogo wangu, ngoja kwanza tutazame magari." Tukatazama magari dirishani. Baada ya dakika mbili akasema twende. Ghorofa iliyofuata tukatazama magari tena. Alikuwa amekwisha kwenda kwenye zahanati mara kadhaa, na alikuwa na dawa za vidonda vya tumbo mfukoni. Mganga aliyempokea alimwambia kwamba maumivu ya moyo ya namna ile ni ya Wazungu na Wahindi, Waafrika hatuna. Jirani mmoja alikuwa na maelezo mengine, kwamba kuna mtu kazini anayekitaka kiti chake. Kaka alikufa mwezi Machi 1993, akiwa na miaka 51, saa kumi za usiku, akilalamika kiungulia.

Yale maumivu yanayokuja mtu akipanda na kutoweka akisimama, Heberden aliyasoma mbele ya wenzake mwaka 1768. Na yale maneno ya mganga, kwamba Waafrika hatuna, hayakutoka hewani. Yalitoka Mulago. Yalikuwa kweli kwa wale 632, kwa chakula chao na miguu yao na miaka yao. Kisha yakaingia katika vitabu, vitabu vikaingia vyuoni, na kweli ile iliyohusu namna fulani ya kuishi ikageuka kuwa kweli juu ya damu ya Mwafrika. Karani wa Dar es Salaam aliyekaa kitini miaka thelathini akahesabiwa kuwa mkulima wa ndizi. Trowell mwenyewe hakuwahi kusema hivyo. Alisema kinyume chake: mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza ya Afrika, na mwaka 1981, yeye na Denis Burkitt, ambaye naye alifanya kazi Uganda miaka mingi, wakatoa kingine wakieleza jinsi magonjwa haya yanavyomfuata mtu anapobadili maisha.

Jinsi yanavyomfuata upesi, hilo lilionyeshwa Kenya. Neil Poulter na wenzake waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini kwao kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wale waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Shinikizo la damu la waliohamia lilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu mjini. Mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi na potasiamu imepungua, uzito wao ulikuwa umeongezeka, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi. Walikuwa vijana wazima, wenye damu ile ile ya baba zao.

Kuhusu tiba nitakuwa mfupi, ingawa ndiko kwenye visa vingi. Mwaka 1929, katika hospitali ndogo ya Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kujua kama mpira mwembamba unaweza kupitishwa katika mshipa wa mkono mpaka moyoni. Mkubwa wake alimkataza. Akamshawishi nesi mwenye ufunguo wa vifaa, naye akakubali ajaribiwe yeye. Forssmann akamfunga kwenye meza, kisha akaenda pembeni akajichoma mwenyewe mkono wa kushoto, akausukuma mpira sentimeta 65, ndipo akamfungua nesi wakateremka pamoja mpaka chumba cha eksirei kupiga picha. Alidhihakiwa. Baadaye akajiunga na chama cha Hitler, jambo lisilomfaa kwa sifa, na mwaka 1956 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Cournand na Richards walioiendeleza njia yake. Miaka miwili baadaye, kule Cleveland, dawa ya picha ya Mason Sones iliingia kwa bahati mbaya moja kwa moja katika mshipa wa moyo wa mgonjwa. Sones alihofia kwamba amemwua. Mgonjwa hakufa, na kwa mara ya kwanza mshipa wa moyo wa mtu aliye hai ukaonekana wazi kwenye picha.

Mwargentina René Favaloro, aliyekuwa daktari wa kijijini kwa miaka 12 kabla ya kwenda Cleveland, alianza mwaka 1967 kuchukua mshipa wa mguuni na kuushona juu ya moyo kama barabara ya mchepuko. Angeweza kubaki Marekani akatajirika. Mwaka 1971 akarudi kwao, akajenga taasisi iliyowatibu wenye pesa na wasio nazo. Tarehe 29 Julai 2000, taasisi ikiwa imeelemewa na madeni na serikali haijibu barua zake, alijitoa uhai. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig, aliyekuwa akitengeneza vipulizo vyake jikoni kwake mjini Zürich, aliupanua mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho bila kumpasua kifua.

Hizo zote ni tiba za gharama, nazo ni za watu wachache. Inayonigusa zaidi ni ile ya bei rahisi kuliko zote. Mwaka 1988 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa 17,187 katika hospitali 417 za nchi mbalimbali, watu waliodhaniwa kuwa mishipa ya mioyo yao imeziba karibuni. Wengine walipewa nusu kidonge cha aspirini kila siku kwa mwezi mmoja, wengine kidonge kisicho na dawa. Katika majuma matano ya mwanzo, vifo vya waliopewa aspirini vilipungua kwa asilimia 23. Waliopewa pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, vilipungua kwa asilimia 42. Aspirini si ya kila mtu, wapo inaowadhuru, na anayeijua kazi yake ni daktari. Walakini matokeo hayo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa miaka mitano kabla ya ule usiku wa Machi, na vidonge vyenyewe viliuzwa kimoja kimoja katika duka lililotazamana na nyumba ya kaka.

Siku hizi Dar es Salaam ina taasisi ya moyo yenye jina la Rais Kikwete, tangu 2015, na madaktari wetu wenyewe hupitisha ule mpira wa Forssmann kila wiki. Taasisi ya Moyo ya Uganda nayo ilianzishwa mwaka 1988, tena pale pale Mulago, kwenye kilima walikohesabiwa wale 632. Lakini ni lazima mtu afikishwe huko, na ili afikishwe ni lazima aliyempokea kwanza awaze moyo. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya Moshi. Watafiti waliwapima watu wazima 681 waliofika chumba cha dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kwa kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu, 152 kati yao walikutwa na mshipa wa moyo uliozibwa, zaidi ya mmoja katika watano. Sehemu kubwa ya hao, daktari aliyewapokea hakuwa ameandika ugonjwa huo. Watafiti wakawafuatilia kwa siku 30. Zilipotimia, zaidi ya theluthi moja ya wale 152 walikuwa wamekwisha kuzikwa.